Jinsi ya Kuizika Filamu Yako kwa Wimbo Mmoja

Filamu haifi kwa kukosa fedha tu. Huuawa pia na wimbo wa dakika tatu ambao hakuna aliyeuombea ruhusa, tena huuawa ikiwa imeshakamilika: uhariri umeisha, bango limechapwa, tamasha limetuma barua ya kuipokea na wazazi wa mwigizaji mkuu wamealikwa. Njia ya kukwepa msiba huo imefundishwa kwenye semina nyingi, na bado msiba unajirudia. Basi leo nafundisha njia ya kuufikia, ili anayeipita aitambue akiwa bado katikati ya safari. Atakayenifuata hadi mwisho atavuna video isiyo na sauti, chaneli iliyofungwa, barua ya wakili, na msanii mwenzake asiyemsalimia tena.

Nawaandikia vijana wanaotengeneza filamu fupi, tamthilia za YouTube, podikasti, matangazo ya maduka na video za harusi. Naandika kwa uchungu kwa sababu kazi zao nazipenda, na kwa sababu wanamuziki wanaochukuliwa nyimbo zao mara nyingi wanaishi nao mtaa mmoja.

Anza kwa kuamini kwamba wimbo hauna mwenyewe. Umeusikia kwenye daladala, umeusikia kwa kinyozi, umeletewa kwenye kundi la WhatsApp bila jina la mwimbaji. Basi ni wa watu wote. Bila imani hiyo huwezi kupiga hatua ya pili. Sheria inasema kinyume chake kabisa. Wimbo ukishatungwa na kuandikwa au kurekodiwa, hata kwa simu ya mkononi, tayari una hakimiliki, na mtunzi halazimiki kuusajili popote ili haki hiyo iwe yake. Huo ndio msimamo wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994 na Uganda mwaka 2022. Kusajili kazi kwenye ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya kunamsaidia mtunzi kuthibitisha umiliki wake siku ya ugomvi. Asiyesajili hajaigawa kazi yake bure.

Ukibanwa hapo, sema wimbo ni wa zamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinaulinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulaya ni miaka 70. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979. Kwa hesabu ya miaka 50, tungo zake zinalindwa hadi mwaka 2029. Mwanamuziki Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995. Za kwake zinalindwa hadi 2045. Anayeweka gitaa la Mbaraka chini ya picha za Morogoro ya leo kwa hoja kwamba mzee alishaondoka anachukua mali ambayo bado ina wenyewe, na wengine wao wanaweza kuwa wanaitazama filamu hiyohiyo.

Kuna wajanja zaidi wanaokimbilia Beethoven. Alifariki mwaka 1827, na tungo zake kweli ni za kila mtu. Lakini okestra iliyozipiga na kuzirekodi mwaka juzi haikufa mwaka 1827, na rekodi yake ni mali yake. Ukitaka Beethoven wa bure, tafuta rekodi ambayo wenyewe wameiachia. Asasi ya Musopen, kwa mfano, ilichangisha fedha mtandaoni mwaka 2010 ili kulipia okestra irekodi kazi za zamani na kuziachia umma. Marekani nako, rekodi zilizotoka kabla ya mwaka 1923 zimekuwa huru kule tangu tarehe 1 Januari 2022. Ni hazina kubwa, na ni halali kwa atakayejipa taabu ya kuangalia tarehe.

Ukishakubali kwamba mwenyewe yupo, mwombe ruhusa mtu mmoja tu, na hakikisha ni yule asiye na uwezo wa kukupa. Hapa ndipo filamu nyingi zinapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa mna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni rekodi, yaani sauti ile hasa iliyonaswa studio siku ile, ambayo wenye biashara huiita masta. Utunzi ni kiwanja na rekodi ni nyumba iliyojengwa juu yake: mwenye nyumba anaweza asiwe mwenye kiwanja, na tofauti na viwanja vya Dar es Salaam, kiwanja kimoja cha wimbo kinaweza kubeba nyumba hamsini. Chukua wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaufikisha duniani, Boney M wakautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo akauimba baada yao. Kila rekodi ina mwenyewe wake. Utunzi wenyewe umegombaniwa kwa miongo mingi: Fadhili, aliyefariki Nairobi mwaka 2001, alisema ni wake, wengine wanamtaja Mtanzania Adam Salim, wengine Lucas Tututu, wengine Grant Charo.

Mtengeneza filamu anayetaka Malaika kwa sauti ya Makeba anahitaji basi ruhusa mbili: moja ya kuunganisha utunzi na picha, nyingine ya kutumia masta. Akimlipa mwimbaji wa Tanga auimbe upya, ile ya masta ya Makeba haimhusu tena, lakini ya utunzi inabaki palepale. Wengi hawalijui hili, na wanaamini kwamba kava ni ya aliyeiimba. Sauti ni yake. Wimbo si wake.

Bendi ya The Verve ya Uingereza ililijua kwa gharama kubwa. Wimbo wao Bitter Sweet Symphony wa mwaka 1997 ulitumia kipande cha rekodi ya okestra ya Andrew Oldham, iliyokuwa imeupiga kwa mtindo wake wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1965. Kuhusu rekodi walielewana na kampuni ya Decca. Kuhusu utunzi waligongana na Allen Klein, ambaye kampuni yake ndiyo iliyomiliki haki za tungo hizo na ambaye alisema wamechukua kuliko walivyokubaliana. Majina ya Mick Jagger na Keith Richards yakaandikwa kama watunzi, na mapato ya utunzi yakaenda upande huo kwa zaidi ya miaka 20. Richard Ashcroft, aliyeandika maneno ya wimbo ule, alirudishiwa haki yake mwaka 2019.

Aina nyingine ya kosa hilo ni kumwomba ruhusa aliyeazima. Manu Dibango wa Kameruni alitoa Soul Makossa mwaka 1972. Michael Jackson akakitumia kibwagizo chake ndani ya wimbo mmoja wa albamu ya Thriller ya mwaka 1982, Dibango akalalamika, na wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna naye akakitumia kibwagizo kilekile. Ruhusa iliombwa kwa upande wa Jackson, na ikatolewa. Dibango hakuulizwa. Mwaka 2009 akafungua shauri Paris. Mzee aliyekibuni kitu hicho kwa pumzi na saksafoni yake alilazimika kukumbusha kwa mara ya pili kwamba yupo.

Kwetu ugumu unaanzia studio. Mwimbaji anaingia na maneno, prodyuza anampa biti, rafiki anamwongezea kiitikio, meneja analipia, na mkataba haupo. Wimbo ukishapata jina, kila mmoja anasema ni wake. Kwenye taarabu shairi huenda ni la mtu asiyewahi kupanda jukwaani. Kwenye kwaya mwalimu ndiye aliyetunga, usharika ndio uliolipia studio. Kwa bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zile, kanda ziko upande mmoja na warithi wa mtunzi upande mwingine. Kwa hiyo swali la "naomba kutumia wimbo wako" halitoshi. Uliza nani aliandika maneno, nani alitunga melodia, biti ni ya nani na aliiuza au aliikodisha, studio ililipiwa na nani, na kama kuna lebo iliyosaini haki hizo. Mwimbaji mkweli hatachukia maswali haya. Akichukia, tafuta wimbo mwingine.

Na usidhani biti ni jambo dogo. Januari 2020 wimbo Uno wa Harmonize uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba biti yake imetumika bila idhini. Ukubwa wa msanii haukuuzuia wimbo kutoweka. Kijana mwenye wafuasi mia tatu ajiulize kwake itakuwaje. Zile biti zilizoandikwa "bure" mtandaoni mara nyingi ni bure kwa anayejifunza kuimba chumbani. Ukianza kuingiza fedha au kutoa kazi rasmi, mwenyewe anakutaka ulipe, na masharti hayo huwa ameyaandika palepale chini ya biti.

Hatua inayofuata ni fupi: hesabu sekunde. Kila mji una mtaalamu anayesema chini ya sekunde 30 si wizi, na wengine wameshusha hadi tano. Hakuna sheria hiyo, si Dodoma, si Nairobi, si Marekani. Nchini Ujerumani kundi la Kraftwerk lilimfikisha mahakamani prodyuza Moses Pelham kwa kuchukua sekunde mbili za ngoma kutoka rekodi yao ya mwaka 1977, na mabishano yakazidi miaka 20, yakifika hadi mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Sekunde mbili.

Sasa pakia video, na chini yake andika kwa herufi kubwa: hakuna nia ya kuvunja hakimiliki, haki zote ni za mwenye wimbo. Maneno hayo hayajawahi kuwa leseni. Yanathibitisha tu kwamba ulijua wimbo si wako. Mitambo ya YouTube haiyasomi hata kidogo. Tangu mwaka 2007 mfumo wao unaoitwa Content ID unasikiliza kila video inayopakiwa na kuilinganisha na rekodi ambazo wenyewe wameziweka kwenye hifadhi yake. Ikilingana, mwenye wimbo anachagua: aizuie video, afuatilie tu watazamaji, au achukue fedha za matangazo. Hilo ni dai, na chaneli yako inabaki salama. Straiki ni jambo jingine: hapo mwenyewe ametuma ombi la kisheria kazi iondolewe. Straiki tatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa na kila ulichowahi kupakia, zikiwemo video ambazo hazikuwa na kosa lolote. Miaka ya kazi inaondoka kwa sababu ya nyimbo tatu ambazo zingeweza kuombwa kwa simu.

Ukiulizwa, sema umelipia. Ni kweli, umelipia Boomplay au Spotify kila mwezi. Malipo hayo yanakupa kusikiliza, basi. Hayakupi kuuchukua wimbo na kuuvalisha picha zako. Na ukibanwa zaidi mwambie msanii kwamba unampa promo. Neno hili limewala wanamuziki wengi kuliko maharamia wa kanda. Mwenye duka la simu anayetumia wimbo wa kijana wa Temeke kwenye tangazo lake hamlipi mchapaji wa mabango kwa promo, wala hamlipi mpiga picha kwa promo, wala umeme haununui kwa promo. Kwa nini wimbo, ambao ndio uliomfanya mpita njia ageuze kichwa, uwe kitu pekee kisicho na bei?

Wapo wanaokwenda kutafuta muziki wa bure kwa nia njema kabisa, na hao pia nina hatua yao: msisome leseni. Kuna muziki unaouzwa kwa kulipa mara moja bila mrabaha unaoendelea. Watu wanaona hakuna mrabaha, wanadhani hakuna malipo. Kuna leseni za Creative Commons, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 2002 na ni msaada mkubwa kwa asiye na bajeti, lakini kila moja ina herufi zake. BY inakutaka umtaje mtunzi. NC inakukataza biashara, na tangazo la duka ni biashara. ND inakataza kuibadili kazi, na hapa wengi wanaumia, kwa kuwa kuuweka wimbo chini ya picha zinazotembea huhesabiwa kuwa kutengeneza kazi mpya kutokana nao. Kwa hiyo wimbo wenye ND haufai kwa filamu yako hata ukiutumia wote bila kuukata. SA inakutaka kazi yako nayo uiachie kwa leseni ileile. Anayetaka kulala usingizi achague CC0 au BY, ahifadhi picha ya ukurasa ulioonyesha leseni siku alipopakua, na amtaje mtunzi kama alivyoomba atajwe. Muziki unaotengenezwa na akili bandia nao si kichaka cha kujificha: Juni 2024 kampuni tatu kubwa za rekodi duniani zilizishtaki Suno na Udio, huduma za kutengeneza muziki wa aina hiyo, kwa madai ya kufundisha mitambo yake kwa rekodi za kampuni hizo bila idhini.

Wapiga video za harusi wana hatua yao maalumu: kusema ukumbi umeshalipa. Ukumbi ukilipia leseni, unalipia muziki kupigwa mbele ya watu ndani ya ukumbi ule. Haki ya kuunganisha wimbo huo na picha za maharusi na kuzipeleka Instagram haimo. Ndiyo maana bibi harusi anaingia, shela linaburuzwa na wasimamizi, shangazi anarusha mchele, midomo yote inafunguka kwa vigelegele, na video iko kimya kabisa. Dawa yake inawezekana: chukua sauti ya vigelegele na maneno ya wazee kwa kinasa chako mwenyewe, karibu, mbali na spika za DJ, na toleo la mtandaoni lijengee juu ya muziki uliolipia.

Kisha kuna ngoma za jadi, ambazo watu wanazichukua wakisema hazina mtunzi. Sheria ya Tanzania ya 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, na Kenya mwaka 2016 ilitunga sheria maalumu ya kulinda maarifa na sanaa za jamii. Hata pale ambapo wimbo ni wa kijiji kizima, kikundi ulichokirekodi kikiupiga kina haki zake kama watumbuizaji wa kazi ile. Nenda kwa kiongozi wa kikundi, elewaneni, lipa, na andika jina la kikundi na kijiji kwenye filamu. "Muziki: wenyeji" si jina la mtu.

Hatua ninayoichukia kuliko zote ni hii: mpe mtunzi elfu kumi, mwandikie karatasi inayosema ameuza haki zote milele, na asaini kabla hajasoma. Hii ina historia. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, alirekodi Mbube na kundi lake la Evening Birds mwaka 1939. Haki aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukawa Wimoweh, ukawa The Lion Sleeps Tonight uliotamba duniani mwaka 1961, na Linda akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 1994 ukasikika ndani ya filamu ya The Lion King. Mwandishi Rian Malan aliifichua habari yote mwaka 2000, na mwaka 2004 upande wa familia ulifungua shauri dhidi ya Disney kwa kutumia kipengele cha sheria ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, kilichorudisha haki zilizouzwa kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 pande zilielewana, na binti zake wakalipwa.

Sote tunaihuzunikia habari hiyo. Tunaisimulia kwenye makongamano. Halafu tunarudi mtaani na kumpa mtunzi wa kwaya elfu kumi kwa haki zote, milele, duniani kote. Filamu fupi haihitaji haki zote milele. Inahitaji ruhusa ya kutumia sehemu ya wimbo, mahali fulani, kwa muda fulani, na mtunzi anabaki na wimbo wake wa kumuuzia mwingine kesho.

Hatua ya mwisho ya kupotea ni kutoandika chochote. Mmekubaliana kwenye chai, mmepeana mikono, msanii amesema "poa tu, mwanangu, tumia." Mwaka unapita, msanii anasaini na lebo, lebo haikujui. Hapa naweka kejeli pembeni na kuonyesha barua inavyokaa, kwa sababu haizidi nusu ukurasa:

"Naomba ruhusa ya kutumia wimbo wako kuanzia sekunde ya 12 hadi dakika 1 na sekunde 5, katika filamu fupi ya dakika 18. Utasikika mama anapofunga duka usiku na kutembea kwenda nyumbani. Hakutakuwa na mazungumzo juu yake. Filamu itaonyeshwa kwenye matamasha ya nchi zote kwa miaka 2 na haitauzwa katika kipindi hicho. Ruhusa hii si ya pekee, unaweza kumpa mtu mwingine wimbo huu wakati wowote. Ninaweza kulipa shilingi 200,000 siku ya kusaini. Filamu ikinunuliwa baadaye na televisheni au mtandao wa kulipia, tutalipa nyongeza ya kiasi kilichoandikwa hapa chini kabla haijarushwa. Tafadhali thibitisha kwamba unamiliki utunzi na masta, au nitajie tunayepaswa kumwona. Niandikie jina lako kama unavyotaka lionekane mwishoni mwa filamu."

Angalia kila sentensi inafanya nini. Dakika na sekunde zinazuia ubishi wa "nilidhani kidogo." Maelezo ya tukio yanamheshimu mtunzi: mwenye kaswida ana haki ya kukataa sauti yake isindikize tukio la baa, na ni bora akatae leo kuliko akaiona filamu ukumbi ukiwa umejaa. Matamasha kwa miaka 2 ni leseni ndogo, ndiyo maana bei inaweza kuwa ndogo. Wengi wenye nyimbo, hata lebo kubwa, wana bei ya matamasha iliyo chini sana ya ile ya televisheni. Nyongeza iliyokubaliwa mapema inakuokoa siku mnunuzi akija, maana siku hiyo mwenye wimbo anajua huna pa kukimbilia. Na lile swali la utunzi na masta ndilo linalokupeleka kwa mtu wa pili ambaye hukumjua.

Barua isipojibiwa, kimya si ruhusa. Badili wimbo. Kwa hiyo omba kabla ya kuhariri, kwa sababu ukishakata picha kwa mapigo ya wimbo fulani, moyo unagoma kuuacha. Vyama vinavyokusanya mrabaha vinaweza kukusaidia kumpata mwenyewe; Kenya vyama hivyo hupewa leseni na KECOBO, na leseni zenyewe huisha, kwa hiyo uliza KECOBO ni chama gani kina leseni hai kabla hujalipa mtu yeyote. Halafu tengeneza orodha ya muziki wa filamu: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwenye masta, urefu uliotumika na tukio. Kituo cha televisheni kitaidai, na ndiyo itakayomwezesha mtunzi kulipwa kila filamu inaporushwa.

Au mpe mwanamuziki kazi mpya kabisa. Christopher Tin, Mmarekani, alipotakiwa kutunga muziki wa mchezo wa kompyuta wa Civilization IV uliotoka mwaka 2005, alitumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na maneno aliyatayarisha pamoja na Mkenya Chris Kiagiri, ambaye jina lake linatajwa na kazi hiyo. Baba Yetu ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Miji yetu imejaa wapiga kinanda, wapiga marimba na walimu wa kwaya wanaoweza kukutungia dakika nne zinazoikaa filamu yako kuliko wimbo wowote uliozoeleka, kwa bei mnayokubaliana, kwa mkataba wa ukurasa mmoja.

Ukiwa na mradi uliosimama kwenye kompyuta sasa hivi, ufungue, andika kila wimbo uliomo, na mbele ya kila mmoja andika majina mawili: la mwenye utunzi na la mwenye masta. Pasipo na jina, ondoa wimbo huo leo. Penye jina, tafuta namba yake na umpigie kabla hujaendelea kuhariri.